Aliyeitika Duroya

Ukimtazama Tantine Bernardine akikunja shuka utadhani anamlaza mtoto. Pindo la juu hulibana kwa kidevu, la chini hulivuta kwa viganja, halafu linakuja kofi dogo juu ya mkunjo wa mwisho: haya, tulia. Kwa siku anakunja shuka mia mbili na ushei katika nyumba ya wazee hapa Fridley, Minnesota, kwenye chumba cha kufulia kilicho chini ya ardhi, ambako hakuna dirisha na mashine zinanguruma toka asubuhi.

Si shangazi yangu wa damu. Tunakaa jengo moja, yeye ghorofa ya pili na sisi ya tatu, na tunasali kanisa moja. Ila kwetu Wakongomani mwanamke wa rika la mama yako ni Tantine, umpende usimpende. Mimi nampenda, kwa sababu anajibu maswali yangu, ingawa kila mara anaanza kwa kukataa.

"Tantine, kwa nini unanusa nguo kabla ya kuiosha?"

"Weye mutoto, maulizo yako ni mingi kama mchele." Halafu, gari likishapita taa nyekundu mbili za barabarani: "Nguo inasema. Ya mgonjwa inasema, ya mlevi inasema. Ukinusa, unajua utaiosha namna gani."

Mazungumzo yetu huwa ya garini. Nikibaki shuleni kwa klabu ya hesabu, basi la shule huwa limeshaondoka, na zamu yake inaisha wakati huohuo, basi ananipitia na Corolla yake yenye kanda ya kwaya iliyokwama ndani ya redio tangu ainunue.

Alizaliwa kwenye misioni ya milimani, Kivu ya Kusini, mahali pa juu mno, anasema, hata mawingu yalikuwa yanaingia jikoni bila hodi. Mama yake alikuwa mfuaji wa hospitali ya misioni, naye akaishika kazi hiyo mikononi mwa mama. Mwaka 1998 vita vikawatawanya. Alivuka ziwa peke yake akiwa na miaka kumi na tisa, akakaa kambini Tanzania miaka kumi na minne, kambi ileile niliyozaliwa mimi, kisha akaletwa Minnesota. Ofisini walimuuliza ana ujuzi gani. Akasema, "Kufua." Mkalimani akamwuliza, "Na kingine?" Akafikiri kidogo. "Kuanika."

Hadithi hii mama yangu huisimulia kwenye sherehe zote, na Tantine hucheka kuliko watu wote.

Ijumaa moja ya Januari, mwaka 2017, alinipitia shuleni na kwaya ilikuwa kimya. Sijawahi kusikia gari lile likiwa kimya. Nyuma kwenye kiti kulikuwa na mfuko mweusi wa plastiki, umevimba kama una mtu ndani amejikunyata.

"Kuna nini humo, Tantine?"

"Usiguse."

Tukaenda. Kwenye taa za Central Avenue taa ikawa ya kijani, yeye hakuondoka. Aliye nyuma akapiga honi. Tantine akaondoka polepole, akaingia kwenye uwanja wa duka la matairi, akazima gari. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

"Reine," akasema. "Mama yangu ameniita. Na mimi nimeitika."

Mama yake alikuwa amekufa miaka kumi na minane iliyopita. Hilo nililijua. Na nililijua lile lingine pia, maana hata kambini tulilelewa nalo: ukisikia sauti ya marehemu inakuita, unanyamaza. Unauma ulimi. Mtu akikuita dirishani na hujui ni nani, unangoja aite mara ya pili. Ukimwitikia marehemu, umekubali safari, na nyumbani kwao Tantine wanasema juma halivuki kabla hujamfuata.

"Ijumaa ijayo," akasema, "mimi siko."

Nilimwomba anieleze. Kwa mara ya kwanza hakukataa kwanza.

Asubuhi hiyo kikapu kilikuwa kimeshushwa kutoka vyumba vya juu, na ndani mlikuwa na blanketi lililomwagikiwa supu. Sheria ya pale ni moja: chochote kinachoshuka kinaingia mashine ya moto, maji ya kuivisha yai, kisha kwenye kikaushio. Alilishika, akafungua mlango wa mashine, na vidole vikakataa kuliachia. Lilikuwa la sufu, zito, jekundu na bluu, limefumwa pande mbili: palipo na jekundu upande huu, ukigeuza pana bluu, maua yaleyale na miraba ileile, kama kitu na kivuli chake. Aligeuza mara tatu. Mablanketi ya misioni yalikuwa hivyo. Alikuwa ameyafua tangu urefu wake ulipokuwa wa beseni.

"Ukilitia hilo kwenye maji ya moto linakufa," akaniambia. "Linajikunja, linakuwa dogo na ngumu, kama zulia la mlangoni. Na halirudi. Sufu ikishafunga, imefunga."

Kwa hiyo alilichukua mkononi akapanda nalo hadi chumba cha kumi na nne, ili amwambie mwenyewe kwamba atalifua kwa mkono. Mwenyewe ni Bibi Margaret, mzungu wa miaka tisini na miwili. Amesahau karibu kila kitu, hata Kiingereza kimembakia vipande tu. Mwaka mzima alikuwa akisema vitu ambavyo wauguzi waliviita maneno ya kitoto. Tantine hakuwahi kumsikia, kwa sababu watu wa kufua hawapandi juu.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Kabla hajabisha, sauti ikatoka ndani.

"Duroya."

Na yeye, kabla hajafikiri, kinywa kikajibu chenyewe: "Naradeki."

Halafu akakimbia. Akashuka ngazi na blanketi kifuani, akalitia kwenye ule mfuko mweusi, na zamu ilipoisha akaja nalo garini.

"Duroya ni nini?" nikamwuliza.

"Ni neno la mto."

Kule misioni, akasema, wanawake wa kufua walisimama ndani ya maji safu mbili, blanketi katikati. Mama yake ndiye aliyekuwa anaita. "Duroya!" anasema, na maji yanamwagwa. "Naradeki!" wanaitika, na mikono yote inakandamiza taratibu. Hakuna aliyejua maana. Mmoja alisema ni sala. Mwingine alisema ni lugha ya watu waliokaa mlima ule kabla yao. Neno lilikuwa limeachwa na Mamuzeli, muuguzi wa kizungu aliyeleta mablanketi yale zamani, lakini yeye watu wote walijua ni Mwingereza, na neno lile si la Kiingereza. Mama yake Tantine alisema tu kwamba maji yanapenda kuitwa hivyo.

"Sijalisikia kambini. Sijalisikia Kigoma. Sijalisikia popote duniani ila kwenye mdomo wa mama," akasema.

"Labda ni yule bibi..."

"Mzungu wa Minnesota atalipata wapi, Reine? Sema. Weye ndiye uko na masomo."

 Magari yalipita, chumvi ya barabarani ikigonga milango. Nilijikuta natazama mfuko ule kupitia kioo cha juu, nikiwa na uhakika kwamba umesogea.

Jioni hiyo aligonga kwetu. Alikuwa amebeba sufuria zake tatu kubwa, moja ndani ya nyingine, na vitenge viwili vipya juu.

"Za nini?" mama akauliza.

"Zako. Kule ninakoenda hawapiki."

Mama alinitazama, mimi nikatazama sakafu, ikabidi nieleze. Mama akashika kiuno. "Bernardine! Wewe ni Mkristo! Unaimba soprano!"

"Niko Mkristo anayeenda. Chukua sufuria."

"Sichukui."

"Basi nitaziacha hapa mlangoni watu wajikwae."

Mama alizichukua, na usiku kucha nilimsikia akisali upande wa pili wa ukuta.

Asubuhi ya Jumamosi Tantine aliniita chini. Alikuwa amefunga kitenge juu ya sweta na amekunja mikono. "Njoo ujifunze," akasema. "Mtu mmoja lazima ajue kabla sijaenda."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kulitunza blanketi la sufu, na mtu aliyedhani amebakiwa na siku sita. Sitaweza kulisahau somo lile.

Kwanza alilipeleka dirishani akalikung'uta, kisha akapitisha brashi laini, upande mmoja tu, kufuata mlalo wa vinyweleo vya sufu, si kinyume. Supu iliyokauka aliibandua kwa ukucha. "Doa halisuguliwi. Ukisugua unalishonea ndani." Bafu lilijaa maji baridi ya bombani, na maji ya bombani ya Januari huku ni barafu iliyokosa subira. Nikanyoosha mkono kufungua ya moto kidogo, ili yasiume tu.

Akanipiga kidole. "Baridi. Toka mwanzo mpaka mwisho, baridi. Ukianza vuguvugu ukamaliza baridi, linashtuka. Hata mtu ukimfanyia hivyo anashtuka."

Sabuni ilikuwa ya maji, ya watoto wachanga, kijiko kimoja. Javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, marufuku, inakula sufu kama moto. Tukalizamisha. Blanketi likanywa maji, likanywa, likawa zito kama mnyama. Tukapiga magoti, yeye upande huu mimi ule, tukakandamiza na kuachia. Hakuna kusugua. Hakuna kusokota. Nilitaka kulikamua, nikaliinua kona, akasema, "Utalivunja mgongo! Shika lote chini, kama unamwinua mgonjwa."

Alifanya yote hayo kimya. Niliona midomo yake imebanwa, meno yamekamata ulimi kweli kweli. Kila maji yalipomwagika alikaza zaidi. Mwili wake wote ulikuwa unataka kusema lile neno, naye anakataa. Bafuni mlikuwa na baridi, na kwa kweli niliogopa. Niliogopa kwamba litasemwa, na si na mmoja wetu.

Tukalisuuza mara tatu. Tukalilaza juu ya taulo, tukalivingirisha kama mkeka, tukalikanyaga kwa soksi ili taulo zinywe maji. Hapo ndipo alipocheka kidogo, kwa sababu niliteleza.

"Kikaushio hapana," akasema. "Jua kali hapana. Karibu na hita hapana. Kivuli na upepo." Akatazama nje. Ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri na upepo ulikuwa tele. "Mungu ametoa."

Tukalitandika juu ya kamba ya balkoni. Dakika ishirini hazikufika, likaganda. Lilisimama wima kama mtu mwenye mabega, kichwa kimeinama kidogo, mikono imeshuka. Sikutaka kulitazama na sikuweza kuacha kulitazama.

Mlango ukagongwa kwa fujo. Alikuwa Cyrus, Mkenya anayetunza jengo letu, na ufunguo wa dharura mkononi.

"Mama Bernardine! Uko poa? Niko hapo parking na-shovel snow, naangalia juu, naona mtu amesimama kwa balkoni bila jaketi! Nimemwita, hajibu! Nikasema huyo ameshakufa!"

"Ni blanketi, Cyrus."

Cyrus akapita hadi kwenye kioo, akachungulia. Akavua kofia. "Aki ya nani, hiyo blanketi imenitoa roho. Na vile mnajua sheria, hakuna kuanika nguo balkoni." Akatazama tena. "Lakini si nguo. Sijui niandike ni nini. Itoe tu, tafadhali, kabla mtu apigie polisi."

Tulilitoa wawili, tumelishika kama mlango. Tantine alikataza kulikunja likiwa limeganda, nyuzi zingekatika. Tukaliegemeza sebuleni mbali na hita, na hapo likakaa nasi, mtu wa tatu, likitoa ubaridi.

Nilipoinama kuangalia kama linadondosha maji ndipo nikaona kitambaa kidogo kimeshonwa pembeni, rangi imepauka, herufi zimebaki. Sufu halisi. Limefumwa Wales.

"Tantine, Wales ni wapi?"

"Sijuwe. Si ni yule samaki?"

Kwa Kiingereza jina hilo linasikika kama nyangumi, basi tukabaki tunawaza blanketi la nyangumi, na kwa sekunde mbili tulikuwa wazima kabisa. Nikatoa simu. Wales ni nchi, ipo ubavuni mwa Uingereza. Ina milima, mvua, kondoo wengi kuliko watu. Halafu nikasoma mstari mmoja mara mbili: ina lugha yake. Watu wa nje huwaita wenyeji wake Waingereza, na wao si Waingereza.

"Mamuzeli," nikasema. "Mlijuaje kwamba ni Mwingereza?"

"Alikuwa mzungu, hakusema Kifaransa."

Simu yangu ina programu ya kutafsiri. Nikachagua lugha ya Wales. Niliandika blanketi, neno lililotoka halikufanana na kitu. Niliandika sala. Niliandika mto. Niliandika osha. Tantine alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, ananitazama kama mtu anayetazama mtoto akichezea kiberiti. Nikafikiria bafu. Baridi, toka mwanzo mpaka mwisho. Nikaandika maji baridi, nikabonyeza alama ya spika.

Sauti ya simu ni ya mashine, nzito, haina umri wala jinsia.

"Dŵr oer," ikasema.

Tantine alisimama. Sisi huongeza irabu mwisho wa kila neno la mgeni, neno likae vizuri kinywani. Ndivyo ilivyoongezwa ile "a" ya mwisho huko mtoni. Bila hiyo, lilikuwa ndilo.

"Rudisha," akasema.

"Dŵr oer."

"Rudisha."

Nilirudisha mara saba. Nikakumbuka ile mikono ya mtoni inayokandamiza taratibu, nikaandika neno "polepole", nikapata kitu kinachofanana na nusu ya kwanza ya Naradeki, na hata hivyo ilitosha. Nilianza kurukaruka. "Tantine! Ni maji baridi! Mamuzeli aliwafundisha kufua tu! Bibi Margaret ni wa huko, amerudi kwenye lugha yake ya utotoni, alikuwa anasema habari ya blanketi lake! Hakuwa mama yako. Hakuna aliyekuita. Huendi popote!"

Nilingoja acheke. Nilingoja aseme nikamletee sufuria zake.

Alikaa chini, si kwenye kochi, sakafuni, karibu na lile blanketi lililosimama. Akakaa hivyo mpaka likaanza kulegea mabega.

"Hakuniita," akasema.

"Ndiyo, Tantine!"

"Reine. Siku ile walipokuja wale watu na bunduki, mimi nilikuwa mtoni peke yangu. Mama alikuwa juu, kwenye kamba za kuanika. Aliniita. Hakuita jina langu, alikuwa na akili, alijua wakisikia jina watanitafuta. Aliita, Duroya. Wangedhani ni mfuaji anaimba. Alitaka kujua kama niko mzima. Nilikuwa ndani ya matete, maji shingoni. Aliita mara tatu." Akalainisha kona ya blanketi kwa kidole gumba. "Sikuitika. Niliogopa. Alikufa hajui kama niko."

Nje Cyrus alikuwa bado anakwangua theluji.

"Jana niliogopa sana," akasema. "Lakini chini ya woga, mbali, nilisema, ah, sasa amejua. Sasa amesikia."

 Nilidhani nimemwokoa, kumbe nilikuwa nimechukua kitu kutoka mikononi mwake, na sikuwa na namna ya kukirudisha. Nikazima simu. Nikaona aibu hata ya kuwa nayo.

Jumapili baada ya ibada tulilipeleka blanketi, limekauka, laini, lina harufu ya baridi tu. Alinieleza njiani jinsi ya kuliweka msimu wa joto: lisifungiwe kwenye plastiki, lipumue, likunjwe pasipo kukazwa na mkunjo ubadilishwe kila mwezi, lipewe kipande cha mti wa mwerezi kufukuza nondo wanaokula sufu. Hakutaja tena safari. Aliyasema yote kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

Katika chumba cha kumi na nne, kando ya kitanda, alikuwa amekaa mwanamume wa miaka sitini na kitu, mwenye koti la kuwindia. Alikuwa Alfred, mtoto wa Bibi Margaret, kutoka Saint Paul. Alipoliona blanketi alinyanyuka.

"Mungu wangu, nilidhani mmelitia kwenye mashine!" akasema kwa Kiingereza. "Alipewa siku ya harusi yake, kabla hajaja huku na baba, baada ya vita vya pili vya dunia." Akashusha sauti. "Asanteni. Tangu Ijumaa hataki kula. Anatazama mlango tu. Kwa Kiingereza chake kilichobaki anasema dada yake alipita koridoni."

"Dada yake?" nikauliza.

"Amekufa zamani, kwao Wales. Walikuwa wakifua mablanketi kijitoni wakiwa wadogo. Mmoja anaita maji baridi, mwingine anaitika polepole, polepole. Mimi lugha siijui, najua hayo tu, alikuwa akiniambia nikikimbia ngazini. Yn ara deg." Alilisema vibaya, kwa Kimarekani, na bado lilikuwa ndilo neno la mtoni. "Anasema Ijumaa aliita, na dada akaitika. Kwa mara ya kwanza."

Nilimgeukia Tantine nikingoja amwambie kwamba ni yeye. Hakumwambia. Alikuwa anamtazama yule bibi.

Bibi Margaret alikuwa mdogo kama mtoto wa darasa la nne. Tulimtandikia blanketi. Aliligusa, akaligeuza kuona upande wa pili, akalivuta puani, akanusa kwa muda mrefu. Kisha akainua macho, yakatupita sisi wote watatu, yakaenda mlangoni.

"Dŵr oer?" akasema. Alikuwa anauliza.

Tantine akainama karibu naye. "Naradeki, maman," akasema kwa upole.

Bibi Margaret alimtazama usoni, akamtabasamia kama unavyomtabasamia mtu wa dukani, kisha macho yakarudi mlangoni. Alikuwa anangoja mtu mwingine. Mkono wake ulianza kukunja na kukunjua ncha ya blanketi.

"Dŵr oer?"

Tantine alisimama wima. Nilimwona anafikiri, na nilimwona anaacha kufikiri. Alitoka nje, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukabaki wazi kiasi cha kiganja.

"Anaenda wapi?" Alfred akaniuliza.

Bibi akaita mara ya tatu, kwa sauti iliyopasuka.

Na kutoka koridoni ikaja: "Naradeki!"

Namjua Tantine Bernardine miaka minne, nimekaa nyuma yake kwenye kwaya muda wote huo. Sauti ile sikuijua. Ilikuwa nyembamba na ya juu, sauti ya msichana aliye mbali, upande wa chini, anayetaka asikike mpaka kwenye kamba za kuanika. Alfred aliweka mkono mdomoni. Bibi Margaret akafumba macho, vidole vikatulia juu ya sufu, na uso wake wote ukalegea.

Kupitia ule upenyo nilimwona Tantine. Alikuwa ameegemeza paji la uso ukutani, mikono imeshuka, anasikiliza, anangoja aitwe tena.